Injini Iliyofundishwa Kula Kidogo

Mtu akikuachia kitu akakuomba ukitunze, unatunza kitu chenyewe, au unatunza kazi ambayo kitu hicho kilikuwa kikifanya? Nimelizungusha swali hili kichwani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, mara nyingi nikiwa nimelala chali chini ya magari ya watu wengine, mahali ambapo mtu hufikiri kwa kulazimika, kwa kuwa hakuna cha kutazama isipokuwa chuma. Nimestaafu bila kupata jibu. Nawaandikia ninyi mnaobaki garajini kwa sababu siku moja swali hili litaingia uani kwenu likivutwa kwa kamba, na ni afadhali mlitambue mapema.

Sijafikia umri wa kustaafu. Niliosoma nao chuoni bado wako maofisini, na baadhi yao ndio kwanza wanaanza kunenepa. Kilichostaafu ni masikio yangu. La kushoto lilitangulia, la kulia linalifuata kwa adabu. Ninyi mnaweza kufanya kazi hii mkiwa viziwi, kwa maana mna kisanduku kinachochomekwa chini ya usukani na kuutaja ugonjwa kwa herufi na tarakimu. Sisi tulikuwa na bisibisi ndefu: ncha yake uliiweka kwenye chuma cha injini, mpini ukaugandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio, kisha ukafumba macho. Aliyetuona kwa mara ya kwanza alidhani tunasali. Sikilaumu kisanduku. Kinakosea mara chache kuliko mimi, na hakijawahi kumwambia mteja kwamba alistahili kuja wiki iliyopita.

Nilifika garajini, hapo hapo mlipo kwenye barabara inayopanda kutoka Sake kwenda Masisi, nikiwa na shahada ya mitambo na suruali iliyopigwa pasi. Mwenye garaji wakati huo alikuwa Papa Mashauri, mzaliwa wa Shasha, mtoto wa wavuvi, aliyejifunza ufundi kwenye injini za mitumbwi ya ziwani kabla ya kupanda milimani kufuata magari. Aliitazama suruali kwanza. Akasema, "Hii suruali haina kazi hapa. Weye, tutaona." Tangu siku hiyo akaniita Enjenieri, nusu heshima, nusu dhihaka. Wateja, ambao hawakuisikia nusu ya pili, wameniita hivyo kwa heshima kamili mpaka leo.

Kazi yake ya kwanza kwangu haikuwa kufungua chochote. Aliweka mbele yangu sinia la boji zilizochakaa, zile plagi ndogo zinazotoa cheche ndani ya injini, akataka nimwambie kila moja ilikuwa ikiishi wapi. Nilidhani ni mzaha. Kisha nikakumbuka masomo, nikamweleza: hewa ya mlimani ni nyepesi, lakini kabureta haijui hilo, inaendelea kupima petroli kama iko bondeni, kwa hiyo injini ya mlimani hula kupita kiasi na boji yake huwa nyeusi kwa masizi. Ya bondeni, kama kipimo ni sawa, huwa na rangi ya kahawa yenye maziwa. Papa Mashauri alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo baadaye niligundua halikuwa kawaida yake. Akaniuliza ni ipi ya Nyamitaba, kule juu mlimani. Nilipata baadhi, nikakosa baadhi. Akazikusanya boji zake. "Weye unajua sababu, miye najua rangi," alisema. "Tutafanya kazi."

Tulifanya. Kazi iliyolipa jina garaji ile, ambayo wengi wenu hamkuikuta, ilikuwa ya gikleri. Gikleri ni kipande cha shaba kidogo kuliko punje ya mahindi, chenye tundu ambalo petroli yote inayoingia kwenye injini hupitia. Papa Mashauri aliliziba tundu hilo kwa risasi ya kulehemu, kisha akalitoboa upya kwa sindano nyembamba zaidi, akiizungusha kwa vidole viwili kama mtu anayesokota uzi. Injini ikapata kidogo kuliko ilivyozoea, moshi mweusi ukaisha, nguvu zikarudi. Aliita kazi hiyo kuifundisha injini kula kidogo. Watu walileta magari kutoka vijiji vya juu wakisema tu, "Papa, na yangu iende shuleni." Nami nilipima na kukokotoa, nikamchorea jedwali la kimo na kipenyo. Alilitundika ukutani kwa heshima, akaendelea kutumia vidole. Majibu yetu yalilingana mara nyingi. Yalipotofautiana tuliulizana, na hapakuwa na desturi ya nani kushinda.

Hapo ndipo lilipozaliwa kosa ambalo nadhani ni la watu wa Masisi peke yao. Injini iliyofundishwa kula kidogo imefundishwa kwa ajili ya mlima. Ukiiteremsha Walikale, kwenye joto na hewa nzito ya msitu, inahitaji kula zaidi, na wewe umeiziba koo. Haitoi moshi wala kulalamika, inakwenda vizuri ajabu kwa muda. Kisha boji zinakuwa nyeupe kama chokaa, na pistoni inatoboka. Tuliwaambia wateja wapite kwetu kabla ya kuteremka, tuwafungulie gikleri. Walisema ndiyo, wakateremka. Wakarudi kwa kamba, wakiapa kwamba Walikale ina wivu na magari ya Masisi. Watu wa Walikale kwa upande wao walikuwa na hakika kwamba sisi wa milimani hununua magari yenye ugonjwa. Kila upande ulikuwa na ushahidi wa kutosha. Nilichojifunza ni kwamba hakuna mtu anayekubali kirahisi kuwa kitu kilichoponywa kimeponywa kwa ajili ya mahali fulani tu.

Miongoni mwa waliorudi kwa kamba alikuwa Papa Bauma wa Nyamitaba, na hapa naingia kwenye kesi niliyotaka kuwasimulia.

Papa Bauma alikuwa mkulima wa maharage na mihogo kama baba yake, na pia msimamizi wa ng'ombe wa mzungu mmoja mwenye shamba. Mzungu huyo alikuwa na gari la michezo, la viti viwili, lisilo na paa, lililotengenezwa Ulaya kabla mimi sijazaliwa. Kwa nini alilileta Masisi, hakuna aliyewahi kuelewa. Huko hakuna kipande cha barabara kilichonyooka vya kutosha kuingiza gia ya nne. Alipoondoka alimkabidhi Papa Bauma funguo, akamwambia alitunze mpaka atakaporudi. Hakurudi. Papa Bauma akalitunza kwa namna pekee aliyoijua, yaani kwa kulifanyisha kazi. Kiti cha abiria kikabeba fromaji, zile jibini za duara za kwetu, zimefunikwa blanketi. Watoto wakaliita Gari ya Fromaji, na siku za jua lilistahili jina hilo. Katika miaka mibaya ya vita alilivua magurudumu, akalilaza chini ya mabua ya maharage. Gari lisilo na magurudumu halimshawishi mtu mwenye haraka.

Ilipofika siku ya harusi, fromaji zilishushwa, kiti kikasuguliwa kwa ndimu na majivu, na bibi harusi wa kilima kile akapelekwa kanisani ndani yake. Ikawa desturi. Sauti ya injini ile ilikuwa nzito yenye mkwaruzo mdogo juu yake, na ilipoanza kupanda, wanawake wa upande wa pili wa bonde walisikia wakaanza kujipanga kwa vigelegele, muda mrefu kabla gari halijaonekana. Papa Bauma alimwahidi binti yake Neema, tangu akiwa mdogo, kwamba atampeleka kwa wakwe zake katika gari lile, popote watakapokuwa.

Kwa wale miongoni mwenu wanaopenda neno asili, nawaombeni mzingatie hali ya gari hilo nilipolifahamu. Springi zilikuwa za pikapu, Papa Mashauri alizifunga ili tumbo lisikwaruze mawe. Rejeta ilikuwa ya gari la kubebea maziwa. Taa moja ilikuwa ya pikipiki, jambo lililolipa gari uso wa mtu anayekonyeza. Kilichobaki kama kilivyotoka kiwandani ni injini, na hata hiyo ilikuwa imepita shuleni kwetu. Papa Bauma aliliteremsha kuelekea Walikale mara moja, Neema akiwa bado mwanafunzi, bila kupita kwetu. Alirudi nyuma ya lori la maharage. Tukaitengeneza injini, naye hakuteremka tena maishani mwake.

Miaka ikapita namna inavyopita garajini, yaani kwa aina za magari. Kabureta zikapungua. Yakaja magari ya Kijapani ambayo petroli hupulizwa ndani kwa amri ya kompyuta ndogo, nayo kompyuta inapima uzito wa hewa yenyewe, mlimani na msituni, bila kuuliza mtu. Papa Mashauri aliifungua moja, akatafuta gikleri, hakuiona, akafunga tena. Alisema ilikuwa injini yenye akili, kwa sauti ambayo mtu humsifia mkwe asiyempenda. Baadaye alirudi Shasha akazeeke karibu na maji, na ndiko alikozikwa. Sindano zake aliniachia katika kopo la maziwa ya unga. Alisema nizitunze. Mnaona jinsi neno hilo linavyonifuata.

Papa Bauma naye alikwisha kufariki siku mjane wake, Mama Neema, alipoingia uani kwetu mwaka huu, mwaka wangu wa mwisho, akiwa na Neema na Gari ya Fromaji nyuma ya lori. Neema ni muuguzi huko Kibua, na huko huko amepata mchumba. Harusi ilipangwa baada ya mavuno, na wakwe walikwisha kuambiwa kwamba bibi harusi ataletwa na gari la baba yake. Kibua iko chini, kwenye joto la msitu, ng'ambo ya kila kitu ambacho injini ile ilifundishwa.

Niliichunguza. Silinda moja ilikuwa dhaifu, oili ilivuja, staata ilikuwa imekufa zamani, na ya aina yake haikupatikana kokote. Lakini injini haikuwa imekufa. Niliona njia mbili, nikawaeleza wote wawili wakiwa wamekaa kwenye ile benchi ya wateja yenye mguu mmoja mfupi. Ya kwanza ilikuwa injini ya Kijapani iliyokuwa kwenye kona chini ya turubai, tuliyoitoa katika teksi iliyopinduka. Ingefika Kibua na kurudi bila kujua kwamba imeteremka. Lakini karta yake, bakuli la oili chini ya injini, isingeingia bila kukata mhimili wa mbele wa shasi, na mhimili ukishakatwa, injini ya zamani haina tena mahali pa kukaa. Mkato huo hauna kurudi nyuma. Njia ya pili niliieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchagua: kuifufua injini ya zamani na kutengeneza gikleri za aina mbili, za mlima na za msitu. Msafara wa harusi ungesimama pale migomba inapoishia na msitu unapoanza, mimi ningebadilisha gikleri, nikafuta mikono, tukaendelea.

Neema alikubali kabla sijamaliza. Mama Neema alikuwa akitazama injini ya Kijapani.

Alitaka kujua ni nani angebadilisha hivyo vishaba. Nikasema mimi. Na wakati wa kupanda kurudi? Mimi. Akauliza juu ya mwaka kesho, harusi nyingine zitakapokuja, maana kilimani bado kuna mabinti. Kisha akanyoosha kidole kwenye sikio langu la kushoto, ambalo tangu aingie alikuwa amelizunguka ili azungumze na la kulia.

"Papa Enjenieri, masikio yako ikikufa yote mbili, nani atasikia kama ile moteri iko na njaa?"

Niliwageukia ninyi. Mmoja wenu, sitamtaja, aliulizwa kama anaweza. Alisema kweli, na ninamheshimu kwa hilo: hajawahi kufungua gikleri maishani mwake, na alidhani ni jina la samaki.

Neema alipendekeza basi gari lipakiwe kwenye lori, lishushwe kabla ya kuingia Kibua. Mama yake akamgeukia. "Mutoto yangu afike kwa bakwe zake juu ya lori, sawa ngombe ya kuuzisha?" Hapo benchi nzima ilicheka, hata Neema, lakini hakuachia hoja yake. Alisema anaijua sauti ile kuliko anavyoijua sura ya baba yake sasa. Sura imeanza kumpotea, sauti bado. Wakiibadilisha, gari litakuja likinguruma kama teksi yoyote ya barabarani.

"Mama, bila ile sauti, itakuwa gari ya nani?"

"Itakuwa gari yenye inafika."

"Papa alikuwa anaipenda."

"Alikuwa anaipenda, njo maana alikuwa anaketi ndani," alisema Mama Neema. "Miye nilikuwa inyuma."

Akainuka, akazunguka gari mpaka nyuma. Kwenye kifuniko cha buti, pembeni kulia na kushoto, palikuwa na mabaka mawili ambapo rangi ilikuwa imekwisha kabisa na chuma kung'aa kama sarafu iliyoshikwa sana. Nililitengeneza gari lile kwa miaka mingi nikiamini ni makreti ya fromaji yaliyopasugua. Mama Neema aliweka viganja vyake juu ya mabaka, kimoja huku, kimoja kule, bila kutafuta mahali. Vilikaa.

Hakusimulia kwa uchungu. Alisimulia kama mtu anayetaja mazao ya shamba fulani. Staata ilikufa wakiwa bado vijana, na tangu hapo gari lile halikuwahi kuwaka mlimani asubuhi bila yeye kulisukuma. Alilisukuma kwenda kanisani, alilisukuma akiwa na mimba ya huyu huyu Neema, alilisukuma siku za fromaji na siku za harusi za watoto wa wenzake, akiwa amevaa kitenge chake kizuri. Akiwa shambani, akisikia linakohoa kule barabarani, aliacha jembe na kuteremka. Naye pia, alisema, anaijua sauti ile. Kisha akacheka kidogo. "Mara moja tu niliketi ndani mpaka mwisho wa safari. Ni siku ilitoka Walikale na kamba."

Nimefikiri sana juu ya maneno yake tangu wakati huo. Injini ya zamani ilikuwa kitu pekee ndani ya gari lile kilichohitaji watu: sindano ya mmoja, sikio la mwingine, mgongo wa mwanamke. Mimi niliita hali hiyo uzuri. Nilikuwa na haki ya kuiita hivyo kwa upande wangu, kwa maana kazi yangu katika ule mpango ilikuwa ya kupendeza na ilinipa jina. Injini ya Kijapani haimhitaji mtu. Nimesikia watu wakiita hilo maendeleo na wengine wakiita hasara, na kila mara nikitazama vizuri nagundua ni suala la mahali ambapo msemaji alikuwa amesimama gari likiwaka.

Neema alinigeukia. Aliniuliza ningefanya nini kama lingekuwa gari langu. Nilimjibu ukweli: ningeihifadhi injini, kwa sababu mimi ni mmoja wa wale waliokaa upande wa sauti. Nikaongeza kwamba si gari langu, wala si mimi ninayeolewa Kibua, na kwamba gari likizimika katika msitu siku ya harusi, atakayekumbukwa na wakwe si baba yake bali mimi.

Akaomba kuisikia. Hatukulisukuma, niliiwasha kwa manivela, kile chuma cha kuzungushia kwa mkono, na ilichukua majaribio kadhaa na maneno ambayo sitayaandika. Ilipowaka nilichukua bisibisi yangu ndefu, nikaweka ncha kwenye chuma na mpini kwenye mfupa wa kulia. Sauti nzito niliipata. Mkwaruzo wa juu, ule ambao wanawake wa ng'ambo ya bonde waliutumia kulitambua gari, sikuupata. Niliusubiri. Neema alisoma uso wangu, kazi ya wauguzi nadhani ni hiyo, akaniuliza kama nasikia. Nikasema nusu.

Alisimama pale mpaka injini ikazimika yenyewe, kama ilivyokuwa desturi yake. Akaenda nyuma ya gari, akagusa baka moja kwa vidole.

"Mubadilishe," alisema. "Lakini hapa musipake rangi."

Mama yake alipinga hapo hapo. Gari la harusi lenye madoa ni aibu, watu wa Kibua watacheka.

"Bacheke," alisema Neema.

Mtataka kujua kama lilifika. Lilifika. Mimi sikuwemo, lakini niliambiwa kwamba watu wa Kibua walisikia injini ikiteremka wakaendelea na shughuli zao, wakidhani ni teksi, mpaka bibi harusi alipokuwa amekwisha kuingia uani na vigelegele vikaanza kwa kuchelewa. Hivyo Neema alikuwa sahihi. Na halikuzimika hata mara moja, wala kushuka wala kupanda. Hivyo Mama Neema alikuwa sahihi. Kama mnaweza kuziweka sentensi hizo mbili pamoja zikatoa jibu moja, njooni nyumbani mnieleze, mkae upande wa kulia.

Sindano za Papa Mashauri zimo kwenye droo ya juu, ndani ya kopo lile lile. Jedwali langu bado liko ukutani. Msivitupe, na msijisikie mnalazimika kuvitumia.

Ninalotaka kumalizia ni asubuhi iliyofuata uamuzi ule. Mama na binti walikuwa wamelala kwa ndugu hapo karibu, wakaja mapema, ukungu bado haujaondoka mabondeni. Gari lilikuwa ndani ya banda, na lilipaswa kutolewa mpaka kwenye sementi, chini ya palani ya kunyanyulia injini. Betri nilikuwa nimekwisha kuitoa. Kabla sijasema lolote, Mama Neema alikwisha kupita nyuma na kuinua mikono yake.

Neema alimshika bega akamwonyesha mlango. Alimwambia leo aketi ndani. Mama yake akauliza nani atasukuma, na lilikuwa swali la kweli, hakuwa akitania. Neema aliingia mahali pake, akaweka viganja vyake kwenye mabaka. Yalikuwa mapana kidogo kwa mikono yake.

Mama Neema alizunguka, akakung'uta nyayo zake moja baada ya nyingine, akaketi nyuma ya usukani. Alikaa wima sana, kama watu wanavyokaa kanisani safu ya mbele. Nilimwambia ageuze kidogo kushoto, naye akageuza. Gari likatoka bandani bila sauti yoyote, mimi ubavuni, Neema nyuma, mpaka kwenye sementi, na nikaweka jiwe mbele ya gurudumu.

Hakushuka mara moja. Nilimsubiri. Aliposhuka tukaitoa injini, nami nikachukua msumeno wa mkono, ule wa chuma, nikaukata mhimili.